KUTU, CHUMVI NA KITENZI "KUPOTEZA"
Istilahi za ioni za metali kwa mifano ya Pemba

Mgeni ashukaye bandarini Mkoani na kushika njia ya Chake Chake mpaka Wete huvutiwa na mikarafuu, vilima na mabonde yasiyokauka. Mwenyeji huona na jambo jingine: mapaa ya mabati yaliyogeuka rangi ya udongo mwekundu, bawaba za madirisha zisizofunguka tena, na misumari ya vyombo vya bahari iliyovimba ndani ya mbao. Kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi, na upepo hauchoki kuyapeperusha. Mwenye nyumba akiulizwa sababu, hujibu kwa maneno machache: "Chumvi imekula chuma."

Kauli hiyo yatosha kwa mazungumzo ya barazani. Haitoshi darasani, wala katika kitabu kilichofasiriwa, wala katika hati ya zabuni inayoagiza vifaa vya kuezekea skuli. Hapo msomaji ana haki ya kuambiwa hasa ni nini kinachotendeka, na kwa maneno yasiyompoteza. Katika makala hii tutaeleza namna atomi za metali zinavyoachana na elektroni zao za nje zikawa ioni, kisha tutapima baadhi ya maneno ambayo watafsiri na walimu wamezoea kuyatumia katika somo hili. Tutaonyesha kwamba katika mambo haya neno likikosewa, hasara haiishii katika ukurasa. Hufika mpaka kwenye paa.

1. Atomi na ganda lake la nje

Kila maada imeundwa kwa atomi. Katikati ya atomi kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni, ambazo zina chaji chanya. Nje ya kiini kuna elektroni, ambazo zina chaji hasi, nazo zimepangika katika matabaka ambayo vitabu vyetu huyaita maganda. Idadi ya elektroni ni sawa na idadi ya protoni, na kwa hiyo atomi nzima haina chaji.

Tuchukue sodiamu, ambayo ni sehemu mojawapo ya chumvi tunayoitia katika mchuzi. Atomi yake ina elektroni 11: mbili katika ganda la kwanza, nane katika la pili, na moja tu katika ganda la nje. Aluminiamu inayofanyiwa sufuria ina elektroni 13, zilizopangika 2, 8 na 3. Chuma kina 26: yaani 2, 8, 14 na 2. Zinki ina 30: yaani 2, 8, 18 na 2. Metali, aghalabu, huwa na elektroni moja, mbili au tatu katika ganda la nje. Elektroni hizo zi mbali na kiini, tena elektroni za ndani huzikinga zisivutwe kwa nguvu yake yote. Kwa sababu hiyo zimeshikwa kwa ulegevu kuliko zile za ndani.

Ulegevu huo unaweza kupimwa. Ili kuondoa elektroni moja katika kila atomi ya gramu 23 za sodiamu iliyo katika hali ya mvuke, zinahitajika kilojuli 496 za nishati. Ukitaka kuondoa elektroni ya pili, zinahitajika kilojuli 4,562, yaani zaidi ya mara tisa. Tofauti hiyo inatokana na jambo moja: elektroni ya kwanza ilikuwa katika ganda la nje, na ya pili imo katika ganda la ndani, karibu zaidi na kiini. Ndiyo maana katika kemia ya kila siku sodiamu huachana na elektroni moja, wala haizidishi. Magnesiamu huachana na mbili, aluminiamu tatu. Chuma kina tabia mbili: mara huachana na elektroni mbili, mara tatu, na kutu nyekundu tuijuayo ina chuma cha namna hii ya pili.

Baada ya elektroni kuondoka, protoni huwa nyingi kuliko elektroni zilizobaki. Sodiamu yenye protoni 11 sasa ina elektroni 10, na hivyo ina chaji chanya moja. Atomi iliyo katika hali hiyo haiitwi tena atomi, huitwa ioni.

Hapa wanafunzi wengi hukwama. Imekuwaje kitu kilichopungukiwa kikaitwa chanya? Mwalimu asiwaone wajinga, maana swali lao ni la haki. Majina ya chanya na hasi yalitolewa katika karne ya 18, zamani kabla elektroni haijajulikana. Ilipogunduliwa mwaka 1897, katika majaribio ya J. J. Thomson huko Cambridge, ilionekana kwamba chaji yake iko upande ule uliokwisha kuitwa hasi. Jina halikubadilishwa. Kwa hiyo, aliyeondokewa na hasi amebaki na chanya, kama mtu aliyeondokewa na deni: hakuongezewa kitu, lakini hesabu yake imepanda.

2. Kupoteza, kutoa, kupokonywa au kuachia?

Sasa tufikie kitenzi. Sentensi iliyozoeleka katika vitabu na madaftari ni hii: "Atomi za metali hupoteza elektroni." Kwa sura yake ni sentensi safi. Lakini katika Kiswahili, kitu kilichopotezwa ni kitu kisichojulikana kilipo. Aliyepoteza ufunguo huutafuta. Aliyepoteza wakati hawezi kuupata tena. Mwanafunzi mwerevu akisoma sentensi hiyo atauliza: imepotelea wapi, na nani aliyeiokota? Naye atakuwa ameuliza swali lililo kiini cha somo lenyewe, kwa sababu elektroni haipotei kamwe. Kila elektroni iliyoondoka katika atomi moja imepokewa mahali pengine, na ukihesabu pande zote mbili hesabu hulingana. Kitenzi kinachoficha jambo hilo kinaficha nusu ya elimu.

Wengine wamependelea "kutoa". Kitenzi hiki kina faida ya kumfanya msomaji amtafute mpokeaji, kwani anayetoa humtolea mtu. Lakini kina kasoro yake: kinaonyesha ukarimu na hiari. Tumeona hivi punde kwamba hata sodiamu, iliyo nyepesi kuliko nyingi katika jambo hili, haiachani na elektroni yake mpaka nishati itumike. Ikiwa mchakato mzima unaendelea wenyewe, ni kwa sababu nishati inayopatikana mwisho wa safari, elektroni inapopokewa na ioni zinapotulia, inazidi ile iliyotumika mwanzo.

Wako pia wanaosema "kupokonywa". Kitenzi hiki kinafaa pale tunapotaka kusisitiza nguvu ya mpokeaji, mathalani oksijeni au klorini. Hata hivyo kinaifanya metali kuwa kitu kilichoonewa, na kinasahaulisha ule ulegevu wa ganda la nje ambao ndio unaozitofautisha metali na elementi nyingine.

Kwa maoni yetu, kitenzi "kuachia" kinakaa katikati vizuri zaidi. Baharia anayeachia kamba alikuwa ameishika. Imevutwa, naye ameiacha iende, na kamba imekwenda upande unaojulikana. Kinaonyesha mshiko uliolegea, kinaonyesha mvuto wa upande wa pili, wala hakidai kwamba kitu kimetoweka. Tena kinazaa nomino bila taabu: "uachiaji wa elektroni" kwa upande wa metali, na "upokeaji wa elektroni" kwa upande wa pili. Istilahi isiyozaa ni mzigo kwa mtafsiri, maana atakapohitaji nomino atalazimika kubuni neno jingine kabisa.

Faida nyingine iko katika neno "oksidisho". Neno hili lilianza kwa maana ya kuungana na oksijeni, lakini wanakemia wa leo wanalitumia kwa kila uachiaji wa elektroni, hata pasipo na oksijeni yoyote. Sodiamu inapokutana na klorini na kuwa chumvi, imeoksidishwa, ingawa oksijeni haikuhudhuria. Mwalimu akieleza kwamba oksidisho ni uachiaji wa elektroni, amekwisha kuondoa utata huo kwa sentensi moja.

3. Neno "ioni" na asili yake

Wasomaji wa jarida kama hili watapendezwa kujua kwamba neno "ioni" lenyewe lilizaliwa katika majadiliano ya istilahi. Mwaka 1834 Michael Faraday, aliyekuwa akichunguza namna umeme unavyopita katika vimiminika, aliona kwamba hana maneno ya kuandikia aliyoyaona. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, mtaalamu aliyejua lugha za kale, akamwomba shauri. Katika barua hizo ndimo yalimotoka maneno anodi, kathodi na ioni, yote kutoka Kigiriki. Anodi ina maana ya njia ya kupanda, na kathodi njia ya kushuka, kwa kulinganisha na jua linapochomoza na linapotua. Ioni maana yake ni "kiendacho", kwa sababu ni chembe inayosafiri katika kimiminika kuelekea upande mmoja au mwingine.

Faraday hakujua kwamba ioni ni atomi iliyoachia au iliyopokea elektroni; elektroni ilikuwa haijajulikana bado. Miaka 50 baadaye, mwaka 1884, Svante Arrhenius wa Sweden alitoa hoja kwamba chumvi ikiyeyuka katika maji inagawanyika kuwa ioni hata pasipo umeme kupitishwa. Walimu wake hawakumpa alama za juu kwa kazi hiyo, lakini mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Neno "elektroni" nalo lina undugu na msamiati wetu wa pwani bila sisi kutambua. Limetokana na jina la Kigiriki la kaharabu, ile gundi ya mti iliyogeuka jiwe, ambayo ikisuguliwa huvuta vipande vyepesi. Waarabu nao, kwa njia hiyo hiyo, huuita umeme kwa jina la kaharabu. Sisi tulitazama juu badala ya chini, tukauita umeme kwa jina la mmweko wa mawingu. Kila lugha ina mlango wake wa kuingilia.

Je, tuandike "ioni" au "ayoni"? Maumbo yote mawili yamepata kutumika. Umbo la "ayoni" linafuata matamshi ya Kiingereza. "Ioni" linafuata asili ya neno na linakubaliana na jinsi lugha nyingi za dunia zinavyoliandika. Sisi tunapendelea "ioni". Lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba kitabu kimoja kisitumie yote mawili, kwani mwanafunzi atadhani ni vitu viwili.

4. Sarafu za Mtambwe Mkuu na ngazi ya metali

Metali zote huweza kuachia elektroni, lakini hazilingani kwa wepesi. Jambo hili Pemba inalo ushahidi wake wa kale. Mwaka 1984, katika uchimbuaji ulioongozwa na Mark Horton huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba ya Wete, ilipatikana akiba ya sarafu zilizozikwa ardhini tangu karne ya 11. Sarafu za fedha zilizidi 2,000, nazo zilikuwa ndogo na nyembamba. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu. Majina ya watawala yaliyopigwa juu ya sarafu yaliweza kusomwa, na miongoni mwao limo la Ali bin al-Hasan. Kwa takriban miaka 900 metali hizo zilikaa katika udongo wa kisiwa kile kile ambacho msumari wa chuma hauvuki miaka michache pasipo kuota kutu. Kisu cha chuma kikizikwa muda kama huo, huenda mchimbaji asikute ila bonge la kutu.

Kwa nini? Mtu aliyesoma sehemu ya kwanza ya makala hii anaweza kujibu kwa haraka kwamba fedha na dhahabu hazina elektroni za nje zilizolegea. Jibu hilo si sahihi. Atomi ya fedha ina elektroni moja tu katika ganda la nje, na ya dhahabu vilevile, sawasawa na sodiamu. Tena nishati inayohitajika kuondoa elektroni ya kwanza katika fedha ni kilojuli 731 kwa moli, kidogo kuliko ile ya chuma, ambayo ni 762. Idadi ya elektroni za nje, basi, haitoshi kueleza kila kitu.

Hapana budi tukumbuke kwamba atomi ya msumari haielei peke yake katika mvuke. Ili iwe ioni katika maji, inapaswa kwanza kujitenga na atomi wenzake walioshikamana. Pili, iachie elektroni. Tatu, ioni iliyopatikana izungukwe na molekuli za maji, na katika hatua hii nishati hurudishwa. Metali ambayo gharama yake ya hatua mbili za mwanzo hulipwa vizuri na hatua ya tatu huachia elektroni kwa wepesi. Ioni ya chuma yenye chaji mbili hukumbatiwa na maji kwa nguvu nyingi kuliko ioni ya fedha yenye chaji moja. Dhahabu nayo ina protoni 79 katika kiini, na elektroni zake za ndani hazikingi vizuri mvuto wa kiini kikubwa namna hiyo. Kwa hiyo hata elektroni yake ya nje imeshikwa barabara.

Wanakemia wamezipanga metali kwa wepesi wao wa kuachia elektroni zikiwa katika maji. Kuanzia nyepesi kabisa mpaka ngumu, baadhi yake ni hizi: potasiamu, kalsiamu, sodiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma, bati, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Mpango huo tunaweza kuuita ngazi ya metali. Kanuni yake ni fupi: metali mbili zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, ile iliyo upande wa sodiamu ndiyo itakayoachia elektroni, na ile iliyo upande wa dhahabu itasalimika.

Msomaji anaweza kutuuliza juu ya sufuria. Ikiwa aluminiamu huachia elektroni kwa wepesi kuliko chuma, mbona sufuria hazioti kutu? Aluminiamu huungana na oksijeni ya hewani mara moja, lakini kinachopatikana ni utando mwembamba, mgumu, unaoshikamana na metali na kuifunika. Kutu ya chuma si hivyo: huwa na vinyweleo, humenyeka, na kufunua chuma kipya chini yake.

5. Je, chumvi hula chuma?

Tone la maji likitulia juu ya chuma, mahali pamoja atomi za chuma huachia elektroni mbili mbili na kuingia katika maji zikiwa ioni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma chenyewe mpaka mahali pengine, ambako oksijeni iliyoyeyuka katika maji huzipokea. Baadaye ioni za chuma huungana na mazao ya upande wa pili, zikaachia elektroni nyingine kwa oksijeni, na hapo ndipo kutu nyekundu inapoonekana. Wahusika wakuu ni watatu: chuma, maji na oksijeni. Mmojawapo akikosekana, kutu hii haipatikani.

Chumvi iko wapi basi? Katika kila kilo ya maji ya bahari mna takriban gramu 35 za chumvi, na sehemu kubwa yake ni sodiamu na klorini. Lakini sodiamu hiyo imekwisha kuachia elektroni yake zamani, na klorini imekwisha kuipokea. Ni ioni zilizotulia, hazina deni la elektroni na mtu. Kazi zake ni mbili. Kwanza, zikiwa ni "viendavyo", husafirisha chaji ndani ya maji, na hivyo biashara kati ya sehemu inayoachia na sehemu inayopokea huenda mbio. Pili, ioni za kloridi hutoboa tando zinazoweza kukikinga chuma. Chumvi, kwa maneno mengine, si mlaji, ni dalali. Hainunui wala haiuzi, lakini pasipo yeye soko lingekuwa zito.

Ubaguzi huu wa maneno una matokeo yake. Mtu anayeamini kwamba chumvi ndiyo inayokula atadhani kwamba chuma kisichoguswa na bahari ki salama, naye atashangaa kuona jembe likiota kutu shambani. Aliyeelewa habari ya dalali atajua kwamba kuosha mashine ya boti kwa maji baridi baada ya safari ni kumfukuza dalali, na kuipaka mafuta au rangi ni kuwazuia maji na oksijeni wasifike sokoni.

Jambo hili lina uzito hasa katika ujenzi. Ndani ya zege nzuri, nondo hukingwa na utando mwembamba unaotokana na ukali wa saruji. Mjenzi akichanganya zege kwa maji ya bahari, au kwa mchanga wa pwani usiooshwa, ameingiza kloridi ndani ya ukuta kwa mikono yake mwenyewe. Utando utatobolewa, nondo zitaanza kuachia elektroni, na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege itapasuka kutoka ndani.

6. Bati lisilo bati

Tufike sasa penye hatari kubwa zaidi ya istilahi. Katika Kiswahili, "bati" ni jina la metali maalumu, yenye protoni 50 katika kiini chake. Lakini "mabati" tunayoezekea nyumba si metali hiyo. Ni bamba za chuma zilizopakwa zinki; na siku hizi yako pia yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Metali bati utaikuta katika makopo ya vyakula, ambayo mengi ni chuma kilichopakwa bati kwa wembamba.

Baadhi ya watu wataona kwamba huu ni ubishi wa majina. Turudi katika ngazi ya metali. Zinki iko juu ya chuma upande wa sodiamu. Bati liko chini yake upande wa dhahabu. Bamba la chuma lililopakwa zinki likikwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, zinki iliyo kando ndiyo itakayoachia elektroni, na chuma kitakingwa ingawa kiko wazi. Bamba lililopakwa bati likikwaruzwa hivyo hivyo, chuma ndicho kitakachoachia, tena kwa kasi kuliko kama kisingepakwa kitu. Kila anayeona kopo lililotupwa ufukweni ameshuhudia jambo hilo.

Sasa mfikirie mtumishi wa serikali aliyepewa hati ya maelezo ya vifaa aifasiri. Mahali palipoandikwa kwamba bamba, misumari au mabomba ya chuma yawe yamepakwa zinki, yeye kwa mazoea anaandika "yaliyopakwa bati". Kwa mujibu wa maana ya neno, ameagiza kitu ambacho kikikwaruzwa kitaoza haraka. Mnunuzi haulizi mtafsiri alikusudia nini, hununua kilichoandikwa. Na hata ikiwa kwa bahati njema vifaa vilivyoletwa ni vile vinavyotakiwa, mkaguzi hana maandishi ya kumbana nayo aliyeleta vibaya. Kosa la neno moja limeondoa kinga ya paa zima.

Hatusemi kwamba wananchi waache kuliita paa lao la mabati. Neno hilo lina mizizi, nalo litabaki. Tunasema kwamba katika maandishi ya kitaalamu litumike pamoja na kiainisho chake: "mabati ya chuma yaliyopakwa zinki". Na metali yenyewe, panapoweza kutokea utata, iitwe "metali bati". Hali kadhalika neno "fedha", ambalo ni metali na ni pesa pia, hupata nafuu kwa kuandikwa "metali fedha". Na neno "madini" liachiwe vitu vinavyochimbwa ardhini, kwa kuwa si kila madini ni metali: chokaa na udongo wa mfinyanzi huchimbwa pia.

7. Zinki ya kafara

Mabaharia wa leo wana kinga nyingine. Katika mashine za boti na katika miili ya meli za chuma hufungwa kipande cha zinki, ambacho kazi yake ni kuisha. Kikigusana na chuma ndani ya maji ya bahari, huachia elektroni kwa niaba ya chuma, kikaendelea kulika mpaka kibadilishwe. Si lazima kifunike chuma chote. Yatosha kiwe kimeungana nacho.

Kipande hicho tukiite nini? Wengine hutumia maelezo marefu, na wengine husema tu "zinki ya boti". Sisi tungependekeza "anodi ya kafara". Watu wa pwani wanalijua neno kafara: ni kitu kinachotolewa ili balaa lisimfikie anayekingwa. Maana hiyo inalingana barabara na kazi ya kipande chenyewe. Wako watakaosema kwamba neno lina harufu ya uganga na halifai sayansi. Nao wanaweza kupendelea "anodi mhanga" au "anodi fidia". Hatuna ugomvi na maneno hayo. Lakini tukumbuke kwamba Whewell alipomshauri Faraday alitumia kuchomoza na kutua kwa jua, wala hakuna aliyedhani kwamba kemia imegeuka unajimu. Neno likishaingia kazini, kazi ndiyo inayolipa maana yake.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawawekea watafsiri, walimu na watumishi wa serikali mapendekezo yafuatayo wayapime.

Kwanza, kitenzi "kuachia" kitumike kwa metali, na "kupokea" kwa elementi au chembe inayochukua elektroni; nomino zake ziwe "uachiaji" na "upokeaji". "Kupoteza" kiepukwe, na kikitumika kwa sababu ya mazoea, mpokeaji atajwe katika sentensi hiyo hiyo.

Pili, "ioni" lishikwe kama umbo moja. Aina zake zitajwe kwa maneno ya wazi: "ioni chanya" na "ioni hasi".

Tatu, "oksidisho" lifasiliwe kwa uachiaji wa elektroni tangu mara ya kwanza linapofundishwa.

Nne, katika hati za ununuzi na ujenzi, metali iliyopakwa na metali inayopaka zote mbili zitajwe kwa majina.

Tano, walimu watumie mifano iliyo mbele ya macho ya wanafunzi. Mwanafunzi wa Micheweni au Kengeja aliyeona maji ya bahari yakikauka katika mashamba ya chumvi, aliyeona nanga ikipandishwa, na aliyewahi kusugua sufuria kwa mchanga, ana maabara nzima nyumbani kwao. Kinachopungua ni maneno ya kuisomea.

Mwenye nyumba wa Mkoani ataendelea kusema kwamba chumvi imekula chuma, wala hakuna atakayemsahihisha barazani pake. Lakini siku mwanawe atakaporudi kutoka skuli na kumweleza ni nani aliyeachia, ni nani aliyepokea na ni nani aliyekuwa dalali, kisha akamwomba kwamba mabati mapya yakaguliwe zinki yake kabla hayajapigiliwa misumari, hapo istilahi itakuwa imefanya kazi iliyoundiwa.